Msing'oe Mtambo kwa Sababu ya Kompyuta Yake

Mmezisikia hoja zao. Hutolewa kwenye mabanda ya Sabasaba, kwenye vikao vya bodi wakati wa bajeti, na kwenye barua za mawakala wa mitambo zinazoanza kwa kumpongeza mkurugenzi na kuishia na bei. Zinasema kwamba kiwanda chenye mashine inayoongozwa na Windows XP, au DOS, au kidhibiti cha miaka ya 1980 kinachosoma disketi, kimekalia hatari, na dawa ni moja tu: kung'oa mtambo mzima na kununua mpya. Nimezisoma moja baada ya nyingine. Baadhi zina ukweli ndani yake, na ukweli huo nitautaja kila ninapoukuta. Lakini hukumu wanayoitaka haitokani na ushahidi wanaouleta. Ninyi wasomaji, ambao wengine mnalipa mishahara ya viwanda hivyo na wengine mnaipokea, ndio mtakaoamua.

Kwanza tuelewane tunabishania nini. Mashine ya kukereza vyuma, mashine ya kumimina plastiki kwenye kalibu, mashine ya kudarizi yenye vichwa vingi: thamani ya vitu hivi iko kwenye chuma chenyewe, kwenye reli zilizosagwa kwa usahihi mkubwa, kwenye mota na pampu. Vikitunzwa hufanya kazi miaka 30 na zaidi. Kompyuta iliyofungwa ubavuni hutoka kwenye sekta nyingine kabisa, inayobadili bidhaa zake kila baada ya miaka michache. Tofauti hiyo ya umri haikuletwa na uzembe wa mwenye kiwanda. Imo ndani ya kila mtambo, pamoja na ule utakaoshushwa bandarini mwezi ujao. Anayesema tatizo hili huisha kwa kununua mpya atuonyeshe mtambo ambao kompyuta yake itaishi sawa na chuma chake. Mtambo huo haupo.

Hoja wanayoitanguliza ni ya usalama wa mtandao, nami nitaieleza kwa nguvu zake zote. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, na ya Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Udhaifu unaogunduliwa baada ya hapo hubaki wazi. Kwa hiyo, wanasema, kila mashine yenye mfumo huo ni mlango usio na kufuli. Mfano wao ni WannaCry, kirusi kilichosambaa duniani tarehe 12 Mei 2017 na kusimamisha kazi katika viwanda vya Renault nchini Ufaransa na kile cha Nissan kilichoko Sunderland, Uingereza.

Tuuchukue mfano huohuo. Kaspersky, kampuni ya kupambana na virusi, iliripoti kuwa zaidi ya asilimia 98 ya kompyuta ilizoziona zimeambukizwa WannaCry zilikuwa za Windows 7. Mei 2017 Windows 7 ilikuwa bado inahudumiwa, na sasisho la kuziba ule udhaifu lilikuwa limetolewa tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Kilichokosekana ni mtu wa kulipakia. Watafiti walipoijaribu XP waliona kuwa mara nyingi iliganda na kuzimika kabla kirusi hakijapata nafasi ya kuitumia kuwafikia wengine. Yaani ushahidi walioleta dhidi ya mfumo mkongwe unahusu mfumo uliokuwa hai.

Mwaka uliofuata likaja tukio ambalo halitajwi kwenye semina zao. Tarehe 3 Agosti 2018 aina ya WannaCry iliingia katika viwanda vya TSMC huko Taiwan, watengenezaji wakubwa wa chipu za kompyuta duniani, na kusimamisha uzalishaji. Mwanzoni kampuni ilikadiria kupoteza takriban asilimia 3 ya mapato ya robo ile ya mwaka. Kirusi kilipitia wapi? Kwa maelezo ya kampuni yenyewe, kilipitia kwenye mashine mpya iliyokuwa inafungwa, ikaunganishwa na mtandao wa ndani kabla ya kukaguliwa. Mashine mpya, katika kiwanda cha kisasa kabisa. Ongezeni hapo NotPetya, kirusi kingine cha tarehe 27 Juni 2017. Ilianza kusambaa kupitia sasisho la programu ya uhasibu iliyotumiwa sana Ukraine, ikavuka mipaka na kuzipiga hata kompyuta zilizokuwa na masasisho yote, kwa sababu iliiba nywila na kupita nazo. Kiwanda cha chokoleti cha Cadbury kule Hobart, Australia, kilisimama. Kampuni ya meli ya Maersk ililazimika kuzipakia upya kompyuta 45,000, na kumbukumbu kuu ya mtandao wake ilipona katika kituo kimoja tu, nchini Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Kisha ongezeni tarehe 19 Julai 2024, siku ambayo sasisho bovu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft. Zote zilikuwa kompyuta zinazosasishwa na kulindwa jinsi wanavyotaka wao.

Sidai kwamba uzee ni kinga. Ninachodai ni kwamba katika matukio yote haya kilichoamua nani aumie ni muunganisho: nani kaunganishwa na nani, na nani aliruhusiwa kuchomeka nini. Mashine ya XP iliyo kwenye mtandao mmoja na barua pepe za ofisini ni kosa, na mwenye nayo aitenganishe leo. Kuitenganisha nako kusiwe kwa jina tu. Stuxnet, kirusi kilichogunduliwa mwaka 2010, kiliufikia mtambo wa kurutubisha urani wa Natanz nchini Iran, ambao haukuunganishwa na intaneti, na flashi ndiyo iliyokibeba. Kwa hiyo ukuta wa mtandao uende pamoja na sheria ya flashi: flashi moja iliyowekewa alama, haitoki kiwandani, hukaguliwa kwenye kompyuta ya pembeni kabla ya kugusa mashine. Gharama ya sheria hiyo ni daftari na msimamizi asiyeona haya kumkatalia fundi aliyetoka nje. Linganisheni na bei ya mtambo.

Baada ya kutuambia mashine kongwe ni mlango wa wadukuzi, waheshimiwa hawa hugeuka na kulalamika kwamba haiunganishwi na mtandao. Hiyo ndiyo hoja yao ya takwimu: kiwanda cha kisasa kinapaswa kujua kila dakika mashine imetoa vipande vingapi, imesimama mara ngapi, imekula umeme kiasi gani, na kidhibiti cha mwaka 1988 hakisemi lolote. Hitaji ni la kweli, kwa maana meneja asiyejua mashine yake inasimama mara ngapi anaongoza kwa kubahatisha. Lakini hoja hizi mbili haziwezi kukaa kwenye barua moja. Ama mashine iko kwenye mtandao na hatari yake ijadiliwe, ama iko nje ya mtandao na hoja ya kwanza ipungue uzito. Na takwimu hizo hazihitaji kupita kwenye kompyuta kongwe hata kidogo. Kipimo cha mkondo wa umeme kinachobanwa juu ya waya hueleza mota inafanya kazi au imelala. Kihesabio cha mwanga mwishoni mwa mstari huhesabu vipande. Vyote hutuma taarifa kwa kifaa chao wenyewe bila kugusa kidhibiti. Anayemwambia mwenye kiwanda kwamba ili ahesabu chupa lazima anunue mashine nyingine ya chupa hajamweleza yote anayoyajua.

Hoja ya vipuri ndiyo inayowatisha wengi, na haikosi msingi. Sony iliacha kuuza disketi Machi 2011. Ubao wa saketi wa mwaka 1992 ukiungua, hautaupata Kariakoo wala Mtaa wa Luthuli. Kapasita hukauka na kuvuja, feni hujaa vumbi, na umeme wetu wa kupanda na kushuka huua vigeuza-umeme mapema kuliko vitabu vya watengenezaji vinavyosema.

Lakini angalieni vipuri vyenyewe ni vipi. Kinachokufa mara nyingi ni kisoma-disketi, diski ya ndani, kigeuza-umeme na feni. Kisoma-disketi kina mbadala wa bei ndogo unaokaa mahali palepale, una nyaya zilezile, na badala ya disketi unapokea flashi; mashine haijui tofauti. Diski ya ndani hubadilishwa kwa kadi ndogo ya kumbukumbu kupitia adapta. Kigeuza-umeme kina volti zinazojulikana na fundi wa elektroniki anaweza kukifufua au kukitafutia kingine. Ubao mkuu wenye nafasi za kadi za zamani bado hutengenezwa kwa ajili ya viwanda. Na wapo watengenezaji wenye msimamo tofauti kabisa na wa mawakala wetu: Fanuc ya Japani, ambayo vidhibiti vyake vimejaa kwenye mashine za CNC, yaani zinazoongozwa kwa kompyuta, duniani kote, hutangaza kama sera yake kwamba itavihudumia vifaa vyake kwa muda wote mteja anapovitumia. Ikiwa aliyekitengeneza kidhibiti anasema bado anakihudumia, wakala anayesema hakihudumiki anatakiwa aeleze amelitoa wapi neno hilo.

Tuugeuze sasa mzani upande wa pili. Siemens ilianza kuiondoa S7-300, kidhibiti kilichoingia sokoni katikati ya miaka ya 1990 na kutapakaa kwenye viwanda vya dunia nzima, kwenye orodha ya bidhaa zake za kawaida Oktoba 2023, ikaacha vipuri viendelee kupatikana kwa takriban miaka 10. Windows 10 ya kawaida ilifika mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine iliyonunuliwa mwaka 2017 kwa hoja kwamba XP imekufa, ikaja na Windows 10 ya kawaida, leo iko kizimbani kwa shtaka lilelile, wakati mkopo wake huenda haujaisha. Yapo matoleo maalumu ya viwandani yanayohudumiwa hadi 2029 na mengine hadi 2032, na anayenunua ana haki ya kuyadai. Hata hivyo 2032 si mbali kwa mashine ya miaka 30. Hoja inayomhukumu mkongwe kwa kukosa vipuri inamhukumu pia mrithi wake, imemwahirishia tarehe tu.

Wanasema pia wataalamu wamekwisha: waliojua lugha za vidhibiti hivyo wamestaafu au wamefariki, na vijana wa vyuo hawajawahi kuviona. Ni kweli, na ni jambo la kusikitisha, kwa sababu mafundi wengi wameondoka na ujuzi ambao hakuna aliyewakalisha chini awaandikie. Lakini hapo anayestahili lawama ni mwajiri aliyeacha hilo litokee. Ujuzi huu unaweza kurithishwa. Kompyuta ya PDP-11 ilianza kuuzwa mwaka 1970; mwaka 2013 iliripotiwa kwamba GE nchini Kanada ilikuwa ikitafuta watu wa kuandika programu zake, kwa ajili ya mitambo ya roboti katika vituo vya umeme wa nyuklia, ikitarajia kuendelea nazo hadi 2050. Sekta inayokaguliwa kuliko zote iliona ni afadhali kumfundisha mtu kuliko kuuvuruga mfumo unaojulikana ulivyo.

Na hapa wanaruka jambo ambalo fundi yeyote wa karakana angewaambia. Mashine nyingi za zamani zilikuja na makabati ya michoro: kila waya una namba, kila saketi imechorwa, na programu ya kidhibiti huchorwa kama ngazi ambayo fundi umeme huisoma kama anavyosoma mchoro wa swichi. Mashine nyingi mpya hufika na skrini nzuri na nywila asiyopewa mnunuzi. Mwaka 2023 wataalamu wa kundi la Dragon Sector nchini Poland walieleza walichokuta ndani ya programu za treni zinazotengenezwa na kampuni ya Newag: masharti yanayoizuia treni kuwaka baada ya kukaa katika karakana za washindani, zilizotambuliwa hata kwa mahali zilipo kwenye ramani. Kampuni ilikanusha, na mambo yakafika mahakamani. Lakini suala lenyewe ndilo ninalotaka mlipime: utaalamu wa mashine ya 1990 umepotea kwa kusahauliwa, na kilichosahauliwa kinaweza kujifunzwa tena. Utaalamu wa mashine ya leo mara nyingi umefungiwa, na mwenye ufunguo yuko Ulaya au Asia na anatoza kwa saa.

Hoja inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu inacheza na aibu yetu, ni ile ya kwamba wenzetu walishaacha vitu hivi zamani na sisi tumebaki jalala lao. Sehemu ya jalala ni kweli: makontena ya mashine chakavu zisizo na karatasi hata moja yanaingia, na anayenunua mashine bila kuiona inawaka anajitakia. Lakini kwamba wenzetu waliacha, si kweli. Jeshi la Marekani lilitumia disketi za inchi 8 katika mfumo wa mawasiliano ya makombora yake ya nyuklia hadi 2019, na ilipofika siku ya kubadili, walichobadili ni njia ya kuhifadhi taarifa. Ndege za Boeing 747-400 zilikuwa zikipokea taarifa mpya za safari kwa disketi wakati wataalamu wa usalama walipozionyesha hadharani mwaka 2020. Treni za mjini San Francisco huongozwa na mfumo uliofungwa mwaka 1998 unaopakiwa kwa disketi. Oktoba 2024 ndipo mji huo ulipoidhinisha mkataba wa dola milioni 212 wa kuubadili, kazi ya miaka kadhaa. Ikiwa mji ulio jirani na Silicon Valley ulijipa robo karne kabla ya kutia saini, mwenye kiwanda cha Chang'ombe au cha Barabara ya Enterprise hana sababu ya kuona haya mbele ya muuzaji.

Gharama nitaigusa kwa kifupi, kwa kuwa kosa lao liko wazi. Upande wa mashine kongwe huandika kila saa ya kusimama, kila fundi aliyeitwa, kila kipande kilichoharibika. Upande wa mpya huandika bei ya kununua peke yake. Msingi wa zege wa kuikalisha, majaribio ya miezi, programu za kazi zilizoandikwa upya, kalibu zisizoingia kwenye mashine mpya, wafanyakazi wanaojifunza upya, riba ya benki, ushuru, na kusimama kwa mtambo mpya wenyewe mwaka wa kwanza: vyote hivyo havimo. Hesabu yenye safu moja iliyojazwa na nyingine iliyoachwa wazi irudishwe kwa aliyeiandika.

Wapo na wa upande wa pili, nao siwatetei: wale wanaosema mashine ikifanya kazi usiiguse. Kauli hiyo imeua mashine nyingi kuliko wadukuzi. Chukueni vidhibiti vya CNC vya zamani. Vipimo vyote vinavyoifanya mashine ijijue, urefu wa mihimili yake, kasi, marekebisho ya makosa, hukaa kwenye kumbukumbu inayolindwa na betri ndogo umeme unapozimwa. Betri ikiisha wakati kiwanda kimefungwa kwa sikukuu na umeme umekatwa, siku ya kufungua mashine huwaka ikiwa tupu. Chuma kizima, mota nzima, na hakuna anayejua namba. Fundi aliyezoea vidhibiti hivi hubadilisha betri kabla haijaisha, huku umeme ukiwaka, na huwa na namba hizo zote kwenye karatasi na kwenye nakala. Kama kiwandani kwenu hakuna nakala ya diski ya kila mashine, iliyojaribiwa kwa kuwashia mashine kweli, na nyingine iliyohifadhiwa jengo jingine, basi hatari mliyonayo ni hiyo, na itahamia nanyi hadi kwenye mashine mpya.

Imebaki hoja ya uhai wa wafanyakazi, na hapa sitaki kubishana na aliye na haki. Mashine ya kubana chuma isiyo na kinga ya mikono, au tanuri ambalo kuzimwa kwake kwa dharura kunategemea kompyuta itii amri, lisimamishwe leo, iwe limenunuliwa 1985 au mwaka jana. Ila kitufe cha dharura kinapaswa kukata umeme wa mashine kwa saketi ya usalama iliyo mbali na kompyuta ya kawaida, na saketi hiyo huongezwa kwenye mashine kongwe kwa kazi ya fundi aliyefunzwa pamoja na ya mkaguzi wa usalama mahali pa kazi. Wanaoitumia damu ya wafanyakazi kuuza kompyuta wanakwepa swali la kinga, ambalo lina jibu la haraka na la bei nafuu.

Mashine ambayo reli zake zimelika hadi vipimo havikai, ing'olewe. Na ile ambayo nakala ya programu yake haipatikani kwa njia yoyote ianze kutafutiwa mrithi, au kidhibiti kipya juu ya chuma kilekile. Siku ya kununua ikifika, andikeni kwenye mkataba kabla ya malipo ya kwanza: nakala kamili ya diski, programu ya kidhibiti pamoja na maelezo yake, nywila zote, michoro yote ya umeme, na orodha ya vipuri yenye mwaka ambao kila kimoja kitaacha kupatikana. Wakala akikataa kipengele chochote, mwulizeni mbele ya bodi ni nani atakayeiwasha mashine hiyo mwaka 2045.